Poplar, 1921: Madiwani waliokwenda gerezani badala ya kupunguza huduma

Halmashauri inapoishiwa fedha, madiwani wake huwekewa mezani orodha ya matumizi: maktaba, zahanati, ujira wa wafagiaji, maziwa ya watoto, msaada wa wasiojiweza. Huambiwa wachague cha kukata. Diwani anayeanza kuipitia orodha hiyo kwa kalamu mkononi amekwisha kukubali, bila kuulizwa, kwamba fedha zilizopo ndizo zote na kwamba aliyezigawa alizigawa kwa haki. Mwezi Machi 1921 madiwani wa Poplar, manispaa ya bandarini upande wa mashariki wa London, waliikataa orodha yenyewe. Mwezi Septemba madiwani 30 kati yao walikuwa gerezani, na kabla mwaka haujaisha Bunge la Uingereza lilikuwa limebadilisha sheria iliyoamua nani katika jiji lile agharimie umaskini wake. Nakichambua kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ni miongoni mwa mifano michache ya upinzani dhidi ya kubana matumizi ulioshinda, na kwa sababu ushindi huo huelezwa mno kwa ushujaa wa watu wake, ilhali ushujaa peke yake usingefika popote.

Poplar ya wakati ule ilikuwa na wakazi wapatao 160,000, na ndani ya mipaka yake zilikuwamo bandari za West India na East India. Wanaume wengi walikuwa makuli na vibarua ambao kila asubuhi walisimama langoni wakisubiri kuchaguliwa. Aliyechaguliwa alipata kazi ya nusu siku au siku moja, na asiyechaguliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Katika mahali pa namna hiyo biashara ikilala kidogo njaa huingia nyumbani wiki ileile. Mwishoni mwa mwaka 1920 biashara haikulala kidogo. Neema fupi iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia ilikatika ghafla, meli zikapungua, na ilipofika kiangazi cha mwaka 1921 watu wasio na kazi nchini Uingereza walikuwa wamefika takriban milioni mbili. Bima ya wasio na ajira ilikuwapo, lakini ililipa kidogo na kwa muda mfupi. Aliyekwisha haki yake ya bima alibaki na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni Bodi ya Walezi wa Maskini ya eneo lake, chombo kilichogawa msaada wa maskini.

Hapo ndipo fundo la kisa lilipo, na asiyelielewa hataelewa kwa nini watu wazima wenye familia walikubali kufungwa. Kwa mujibu wa sheria ya maskini ya Uingereza, kila eneo liligharimia maskini wake kwa kodi ya majengo iliyotozwa hapohapo. London ilikuwa jiji moja kiuchumi, lakini kwa kodi hiyo ilikuwa imekatwa vipande 28 vya manispaa, mbali na kile kiini cha kale kiitwacho City. Utajiri uliozalishwa na bandari za Poplar ulihesabiwa katika ofisi za City na kutumiwa katika majumba ya Westminster; vibarua waliouzalisha waliishi Poplar, na walipokosa kazi, majirani zao wa Poplar ndio waliotakiwa kuwalisha. Thamani ya majengo ilizidisha tofauti hiyo. Kiwango kilekile cha kodi, tuseme peni moja kwa kila pauni ya thamani ya jengo, kiliiletea Westminster zaidi ya mara nane ya kile kilichoingia Poplar. Kwa hiyo Poplar ilikuwa na maskini wengi na vibanda vya bei ndogo, na Westminster ilikuwa na maskini wachache na majumba ya bei kubwa, na sheria ikazitaka zote mbili zijitegemee.

Ulikuwapo mfuko wa pamoja wa jiji zima, ulioanzishwa mwaka 1867, lakini ulipangwa kwa namna inayostahili kuitwa ya kikatili. Mfuko ule ulisaidia gharama za maskini waliowekwa ndani ya nyumba za maskini, yaani zile nyumba za kazi ambamo mume alitengwa na mke na watoto wakatengwa na wazazi. Familia iliyosaidiwa kwa fedha au chakula ikiwa nyumbani kwake, gharama yake ilibaki yote juu ya manispaa yao. Bodi iliyowahurumia watu ikawaacha waishi chini ya paa lao iliadhibiwa kwa kodi kubwa; bodi iliyowafungia ndani ilipata ruzuku. Mwaka 1894 Bunge lilipitisha sheria ya kusawazisha kodi za London, ikapunguza pengo kidogo tu, na suala la msaada wa nyumbani halikuguswa. George Lansbury, aliyekuja kuwa kiongozi wa kisa hiki, alikuwa amelisema jambo hilo kwa karibu miaka 30. Aliingia katika Bodi ya Walezi ya Poplar mwanzoni mwa miaka ya 1890, akateuliwa kwenye tume ya kifalme iliyochunguza sheria ya maskini kati ya mwaka 1905 na 1909, akatia saini ripoti ya wachache pamoja na Beatrice Webb. Ripoti zilisomwa, zikasifiwa, zikawekwa kabatini.

Juu ya mzigo huo wa maskini ulikuwapo mwingine. Kila manispaa ilitakiwa kuwakusanyia kodi wakubwa wanne wa ngazi ya jiji zima: Halmashauri Kuu ya London, bodi ya hospitali za magonjwa ya kuambukiza na wagonjwa wa akili, polisi, na bodi ya maji. Wakubwa hao waliandika tu kiasi wanachotaka, na manispaa ikawajibika kukikusanya kutoka kwa wakazi wake na kukiwasilisha. Tuyashike mapato haya ya lazima vizuri, kwa sababu vita vyote vilipiganiwa juu yake.

Wale walioitawala Poplar mwaka 1921 walikuwa wametoka wapi? Katika uchaguzi wa Novemba 1919 chama cha Labour kilishinda viti 39 kati ya 42. Madiwani walikuwa makuli, wafanyakazi wa reli, mafundi, watu wa posta, na wanawake wachache waliotoka katika vuguvugu la kudai haki ya kupiga kura. Susan Lawrence alikuwa tofauti nao wote kwa kuzaliwa: binti wa familia tajiri aliyesoma hisabati Cambridge, aliyeanza siasa upande wa wahafidhina na kuuacha baada ya kuona jinsi wanawake wanaosafisha shule za London walivyolipwa ujira wa aibu. Walipoingia madarakani walianza kazi mara moja. Walijenga nyumba, wakapanua huduma za mama na mtoto, wakawapa watoto maziwa, wakashughulikia kifua kikuu, wakaboresha mabafu ya umma na maktaba, na mwaka 1920 wakaweka kima cha chini cha ujira kwa wafanyakazi wote wa halmashauri kuwa pauni nne kwa wiki, mwanamke sawasawa na mwanamume. Kwa wanawake wengi nyongeza hiyo ilikuwa kubwa sana.

Nataka kukaa kidogo kwenye hatua hii kwa sababu wachambuzi wengi huikimbia ili wafike gerezani. Mwaka mmoja na nusu kabla ya mgogoro, mkazi wa Poplar aliweza kuiona halmashauri kwa macho: mtoto aliyepata maziwa, jirani aliyeajiriwa kwa ujira wa kuishi, maji ya moto ya kufulia. Mtu hatoki barabarani kutetea bajeti. Hutoka kutetea kitu anachokijua na mtu aliyempa. Halmashauri nyingi zinazolalamikia upungufu wa fedha leo huwaita wananchi wazitetee baada ya miaka mingi ya kuwajibu kwa jeuri dirishani, kisha zinashangaa mitaa ikiwa kimya. Poplar haikushangaa kwa sababu ilikuwa imetangulia kutoa.

Hali ya nchi nzima haikuwa ya kutoa. Mwaka 1921 magazeti makubwa yaliendesha kampeni ya kupiga vita kile yalichokiita ubadhirifu wa serikali, na wagombea wa kampeni hiyo wakaanza kushinda viti vya Bunge katika chaguzi ndogo. Waziri Mkuu David Lloyd George aliyumba. Waziri wa Afya aliyekuwa ameahidi nyumba kwa askari waliorudi vitani, Christopher Addison, aliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Alfred Mond, tajiri wa viwanda, na mpango wa nyumba ukasimamishwa katikati. Mwezi Agosti iliundwa kamati ya wafanyabiashara chini ya Eric Geddes ili ipendekeze pa kukata, nayo ikaja na mapendekezo ya kupunguza zaidi ya pauni milioni 80, elimu na afya zikiwamo. Madiwani wa Poplar walikuwa wakiogelea dhidi ya mkondo ulioshika nchi nzima.

Mwezi Machi 1921, walipokaa kupanga kodi ya kipindi kilichofuata, hesabu ilionyesha njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kupandisha kodi ya majengo hadi kiwango ambacho wapangaji na wenye maduka madogo wasingeweza kukilipa kwa vyovyote, ikizingatiwa kwamba kodi hiyo ilikuwa imekwisha kuwa juu kuliko ya maeneo ya matajiri. Ya pili ilikuwa kukata msaada wa wasio na kazi na kuvunja huduma zilizojengwa. Walichagua njia ambayo haikuwamo katika karatasi. Walipanga kodi ya kugharimia manispaa na msaada wa maskini, basi. Ile sehemu ya wakubwa wanne wa jiji wakaiondoa kabisa.

Uzuri wa uamuzi huo uko katika alichokipoteza kila mtu. Mkazi hakupoteza huduma hata moja, na kodi yake ikapungua badala ya kupanda. Mwenye duka, ambaye kwa kawaida angekuwa wa kwanza kuilaani halmashauri ya wafanyakazi, alikuta bili yake imeshuka. Mfanyakazi wa halmashauri aliendelea kulipwa. Aliyeumia alikuwa Halmashauri Kuu ya London na wenzake, yaani vyombo vyenye sauti kwa serikali na vyenye sababu ya kutaka jambo limalizwe. Upinzani mwingi dhidi ya kupunguza huduma hushindwa kwa kuwa silaha yake inamkata anayeitetea: wafanyakazi wakigoma, takataka hulundikana mbele ya milango ya maskini, halmashauri ikigoma kupanga bajeti, mishahara ya walimu wake ndiyo inayokwama. Poplar ilipata silaha iliyoelekea upande mmoja tu, na iliipata kwa kuzijua sheria za fedha za jiji kwa undani kuliko maofisa waliozisimamia.

Halmashauri Kuu ya London na bodi ya hospitali zilikwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuilazimisha Poplar itoze kodi ile. Tarehe 29 Julai 1921 madiwani walikwenda kujibu, na walikwenda kwa miguu kutoka ukumbi wa manispaa, bendi mbele, mbeba rungu la halmashauri akiwa na mavazi rasmi, Meya Sam March akiwa na mkufu wake shingoni, umati wa wakazi nyuma yao na bango likisema kwamba Halmashauri ya Poplar inakwenda Mahakama Kuu na huenda ikaishia gerezani. Rungu na mkufu vilitangaza kwamba anayeshtakiwa ni serikali halali iliyochaguliwa na watu wa mahali pale. Mahakamani hawakujaribu kukana. Walieleza umaskini wa manispaa yao na ukosefu wa haki katika mgawanyo wa kodi. Majaji walijibu, kwa mantiki ya sheria, kwamba kazi yao ni kutekeleza sheria iliyopo na mwenye malalamiko aende Bungeni. Amri ikatolewa, madiwani wakaikaidi, na wiki ya kwanza ya Septemba wakaanza kukamatwa kwa kosa la kudharau mahakama. Wanaume 25 walipelekwa gereza la Brixton. Wanawake watano, Susan Lawrence, Minnie Lansbury, Julia Scurr, Nellie Cressall na Jennie Mackay, walipelekwa Holloway, wakisindikizwa na maelfu ya watu. Cressall alikuwa mjamzito na siku zake zikikaribia.

Kifungo cha kudharau mahakama hakina idadi ya miezi. Mfungwa hubaki ndani mpaka atii. Kwa mhalifu wa kawaida hiyo ni tishio kubwa, lakini kwa watu 30 waliokwisha amua kutotii iligeuka kuwa tatizo la aliyewafunga. Hakukuwa na mtu wa kutoza kodi badala yao. Kuwaacha ndani hakukuleta hata peni moja, na kuwatoa bila wao kutii kungekuwa kukiri kushindwa. Serikali ikaanza kuhangaika. Cressall aliachiliwa mapema, kwa kuwa hakuna waziri aliyetaka habari ya mtoto wa diwani kuzaliwa gerezani. Wafungwa walidai haki ya kuendesha shughuli za manispaa yao, wakakubaliwa; vikao vya halmashauri vikafanyika ndani ya Brixton, madiwani wanawake wakiletwa kwa gari kutoka Holloway. Lansbury, akiwa na umri wa miaka 62, alihutubia kupitia nondo za dirisha umati uliokusanyika nje ya ukuta.

Upinzani mkali zaidi dhidi yao ulitoka ndani ya chama chao. Herbert Morrison, meya wa Hackney na katibu wa Labour ya London, aliona kwamba njia ya Poplar ingekiharibia chama. Hoja yake inastahili kusikilizwa bila kupotoshwa. Alisema chama kinachotaka kuongoza nchi lazima kionyeshe kwamba kinaweza kuendesha halmashauri kwa kufuata sheria. Kwamba Labour ikivunja sheria leo, wapinzani wake wataivunja kesho dhidi ya serikali ya Labour. Na kwamba wapigakura wa kati wangeogopa. Morrison alitenda alichokiamini. Mwezi Septemba aliongoza ujumbe wa mameya wa London kwenda mpaka Gairloch, kaskazini mwa Scotland, alikokuwa akipumzika Lloyd George, wamweleze hali ya ukosefu wa kazi.

Kwa maoni yangu, Morrison alikuwa na haki katika jambo moja na alikosea katika kubwa zaidi. Alikuwa na haki kwamba mwishowe lazima pawepo meza ya mazungumzo na watu ambao serikali inaweza kukaa nao bila kuonekana imepiga magoti. Mond alihitaji watu hao, na mameya waliotii sheria walikuwa tayari. Alikosea alipodhani kwamba meza ingeandaliwa bila gereza. Haja ya kusawazisha gharama za maskini ilikuwa imeandikwa katika ripoti nzuri kwa zaidi ya kizazi kizima na hakuna waziri aliyeipa wiki mbili za muda wake. Ilipata wiki hizo baada ya madiwani kufungwa, na hasa baada ya halmashauri jirani za Bethnal Green na Stepney kupiga kura kwamba nazo zitaacha kuwapelekea wakubwa wa jiji fedha zao. Gereza moja la madiwani 30 lilikuwa aibu, lakini manispaa tatu za mashariki kwa pamoja zingekuwa pengo katika bajeti ya London. Stepney iliongozwa na watu wa tabia ya upole kisiasa, akiwamo Clement Attlee aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, na waziri yeyote mwenye akili alijua maana ya watu kama hao kuanza kufuata nyayo za Lansbury.

Tarehe 12 Oktoba 1921 mahakama iliwaachilia wote kwa maombi ya mawakili, ili waweze kuhudhuria mkutano wa mamlaka za London kuhusu fedha. Hawakuwa wametoza kodi iliyoagizwa. Hawakuwa wameomba msamaha. Mwezi Novemba Bunge lilipitisha sheria ya fedha za serikali za mitaa iliyopanua mfuko wa pamoja wa mwaka 1867 ili ubebe pia msaada unaotolewa kwa maskini wakiwa nyumbani kwao. Kwa Poplar hiyo ilimaanisha mamia ya maelfu ya pauni kwa mwaka, na walioanza kuchangia walikuwa Westminster, City na maeneo mengine ya matajiri. Huduma zilibaki, ujira ukabaki, na familia zisizo na kazi zikaendelea kupata msaada bila kuingizwa katika nyumba za kazi.

Gharama ya miili ilikuwapo. Minnie Lansbury, mke wa Edgar mwana wa George, mwalimu aliyepigania pensheni za wajane na mayatima wa vita, alitoka Holloway akiwa dhaifu. Alifariki dunia kwa nimonia tarehe 1 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 32.

Kwa haki ya uchambuzi lazima pia pasemwe ushindi uliishia wapi, kwa sababu serikali ilijifunza upesi. Mfuko wa pamoja ulikuja na masharti: Mond alitangaza viwango vya juu vya msaada, na bodi iliyotoa zaidi ililazimika kubeba ziada yenyewe. Poplar ilitoa zaidi. Mwaka 1922 wizara ilituma mtu kuichunguza, ripoti yake ikalaumu ukarimu wa Walezi, na amri ikatolewa ya kuwabana. Amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu, na mwaka 1924 John Wheatley, waziri wa afya katika serikali ya kwanza ya Labour, aliifuta. Magazeti yalikuwa yamekwisha kulifanya jina la Poplar kuwa tusi la kisiasa kwa kila halmashauri iliyoonekana kuwapa maskini kwa mkono mpana.

Pigo zito zaidi lilikuja kwa njia ya wakaguzi wa hesabu. Bei za vitu zilishuka baada ya mwaka 1921, lakini Poplar haikushusha kima chake cha pauni nne. Mkaguzi wa wilaya alisema ujira huo ulipita kiasi kilicho cha haki, akakataa pauni 5,000 za matumizi na kuagiza madiwani wazilipe kutoka mifukoni mwao. Kesi ilipanda hadi Baraza la Malodi, wakati ule mahakama ya mwisho ya rufaa, ambalo mwaka 1925 lilimuunga mkono mkaguzi. Lord Atkinson aliandika kwamba madiwani walijiachia waongozwe na mawazo ya ajabu ya hisani ya kijamaa au na tamaa ya kumsawazisha mwanamke na mwanamume katika ujira. Ni hukumu ya kusikitisha kuisoma mpaka leo, kwa sababu inasema waziwazi kile ambacho hukumu nyingi za fedha huficha: kwamba mlipakodi ambaye majaji walikusudia kumlinda hakuwa kibarua wa Poplar, ingawa naye alilipa kodi hiyo ndani ya pango lake, na alikuwa amewachagua madiwani wale baada ya kuona wazi walichokuwa wakikifanya.

Kwa nini basi mwaka 1925 Poplar ilishindwa kwa jambo ambalo mwaka 1921 ilishinda mfano wake? Watu walikuwa wale wale, na ari ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa kwamba deni la mkaguzi lilimwangukia diwani mmoja mmoja katika daftari, polepole, bila maandamano wala tarehe ya kukamatwa, na hakuna chombo kingine cha serikali kilichopungukiwa fedha wakati wakisubiri. Mwaka 1921 kila siku ya kuchelewa ilimuumiza mpinzani wao. Mwaka 1925 kila siku ya kuchelewa ilimfaidi mpinzani huyo.

Tofauti hiyohiyo inaeleza yaliyowapata wale waliojaribu kuifuata Poplar miaka 60 baadaye. Serikali ya Margaret Thatcher iliziwekea baadhi ya halmashauri kikomo cha kodi, na mwaka 1985 halmashauri kadhaa ziliamua kwa pamoja kutopanga kodi yoyote mpaka serikali irudishe ruzuku iliyokatwa. Jina la Poplar lilitajwa majukwaani kila mara. Lakini kutopanga kodi kulizinyima fedha halmashauri zenyewe, wala hakukuigusa hazina ya serikali kuu. Moja baada ya nyingine zilipanga kodi zao, zikabaki Lambeth na Liverpool, na mkaguzi akawaandikia madiwani wao madeni binafsi na kuwaondolea haki ya kushika udiwani. Wa Liverpool walikuwa 47, na rufaa yao ya mwisho ilitupwa na Baraza la Malodi mwaka 1987. Waliokuwa Liverpool walikuwa wamejenga maelfu ya nyumba na kuungwa mkono na wakazi wengi, na siwavunjii heshima ninaposema kwamba waliazima ujasiri wa Poplar bila kuazima hesabu yake. Mwaka 1921 madiwani walijiuliza kwanza ni fedha ya nani inayopita mikononi mwao, na wakaishika ile.

Wakazi wa Poplar wenyewe walitoa hukumu yao mapema. Katika uchaguzi wa manispaa wa Novemba 1922 Labour ilianguka vibaya sehemu nyingi za London, zikiwamo zile zilizoongozwa kwa tahadhari na utii wa sheria; Hackney ya Morrison ilikuwa miongoni mwa zilizopotea. Poplar ilibaki mikononi mwa chama hicho, na wengi wa waliokuwa wafungwa wakarudishwa kwenye viti vyao. Bodi za Walezi wa Maskini zilifutwa kwa sheria ya mwaka 1929, na kuanzia mwaka 1930 gharama za maskini wa London zikahamia kwa Halmashauri Kuu ya London, ileile iliyowapeleka madiwani mahakamani, ikizikusanya kwa kiwango kimoja kutoka kila manispaa ya jiji, Westminster na Poplar pamoja.